Mali bila Daftari: Namna ya Kuzisaidia Hazina za Kale za Maktaba ya Umma

Baba yangu alipofariki alituachia sanduku la bati lililojaa magazeti. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka mingi hakutupa gazeti la Kiswahili lililopita mikononi mwake. Yalikuwamo matoleo ya Mambo Leo aliyorithi kwa baba yake, yalikuwamo Mwafrika, Ngurumo na Uhuru. Tulikaa kikao cha familia tukakubaliana kwamba sanduku lile lisigawanywe, wala lisiishie kwa wauza karanga. Liende maktaba, watu wasome.

Nililipeleka mwenyewe. Mkutubi alilipokea kwa bashasha, tukapeana mikono, nikarudi nyumbani moyo umetulia. Sikudai karatasi yoyote, wala sikuacha karatasi yoyote. Miaka sita baadaye nilirudi kutafuta toleo moja tu. Yule mkutubi alikuwa amehamishwa, chumba kile kimegeuzwa ofisi, na hapakuwa na mtu aliyewahi kusikia habari za sanduku la bati.

Wahenga walikwisha kulisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa muda mrefu niliilaumu maktaba ile. Nilipoanza kujifunza jinsi kumbukumbu za kale zinavyotunzwa, nikaona kwamba na mimi nilikuwa na sehemu yangu katika upotevu ule. Nilitoa kwa mapenzi, lakini sikutoa kwa utaratibu.

Makala haya nawaandikia wale walio kama nilivyokuwa siku ile. Una nia. Una kitu cha kutoa, iwe fedha, nyaraka za mzee wako, au saa chache za Jumamosi. Hujui utoe vipi ili sadaka yako idumu. Nililojifunza ni hili: hazina za kale huokolewa na uangalizi mdogo usiokatika, uliowekwa kwenye maandishi. Mengine yote yanafuata hapo.

Hazina zenyewe ni zipi?

Watu wengi wakisikia maktaba ya umma hufikiria vitabu vya kiada na meza za wanafunzi wanaojiandaa na mitihani. Lakini maktaba nyingi za zamani katika nchi zetu zina chumba au kabati ambalo msomaji wa kawaida halioni. Humo mna magazeti yaliyojalidiwa, ramani, ripoti za serikali zilizopita, picha, na vitabu ambavyo havichapwi tena.

Mjini Mombasa ipo Maktaba ya Seif bin Salim, iliyoanza mwaka 1903, kongwe kuliko zote za umma nchini Kenya. Nairobi ipo Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa juhudi za Lucie McMillan kumkumbuka mumewe. Hadi mwaka 1958 ilikuwa ya Wazungu peke yao, na wenye nchi waliiona kwa nje tu. Leo ni ya wakazi wote wa Nairobi, na miongoni mwa vilivyomo ni magazeti ya zamani ya Afrika Mashariki na kumbukumbu za vikao vya kutunga sheria. Dar es Salaam ipo Maktaba Kuu ya Taifa, ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967.

Kuna pia ambavyo havimo kwenye maktaba yoyote, na hapo ndipo mwananchi anahitajika zaidi. Sheria zetu humtaka mchapishaji kupeleka nakala za kitabu au gazeti kwenye maktaba ya taifa. Lakini nani anapeleka kijitabu kilichochapwa na msikiti au parokia? Nani anapeleka daftari la mihutasari ya chama cha ushirika cha wakulima wa pamba, tangazo la onyesho la taarabu, kalenda ya duka la Mhindi ya mwaka 1955, au barua za mzee aliyefanya kazi kwenye reli? Vitu hivi vimo kwenye masanduku ya bibi zetu. Mtafiti atakayetaka kujua watu wa kawaida waliishije hatavipata kwenye ripoti ya gavana.

Kwa nini karatasi inakufa

Kabla hujatoa, elewa unapambana na nini, maana ukielewa ugonjwa hutanunua dawa isiyofaa.

Karatasi ya zamani sana, ile iliyotengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, ni ngumu kuliko tunavyodhani. Kuanzia katikati ya karne ya 19 viwanda vilianza kutumia massa ya miti, na karatasi ya namna hiyo hubeba asidi ndani yake. Asidi inaila pole pole, inageuka rangi ya chai, mwisho inavunjika kama kaukau. Ndiyo maana mswada wa kidini ulionakiliwa kwa mkono karne mbili zilizopita unaweza kuwa na afya kuliko gazeti la mwaka tulipopata uhuru. Gazeti lilitengenezwa lisomwe siku moja. Kwa hiyo magazeti yetu ya kwanza ya Kiswahili, kama Kiongozi lililoanzia Tanga mwaka 1904, yalizaliwa na kifo chao.

Joto, unyevu na mwanga huharakisha kazi hiyo. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hivi, ukungu huanza kuota; na sisi wa pwani unyevu wetu hupita hapo sehemu kubwa ya mwaka. Ongeza mchwa, mende, panya, na wale wadudu wembamba wa rangi ya fedha wanaokula gundi ya majalada. Ongeza paa linalovuja.

Usishtuke. Sehemu kubwa ya mapambano haya haihitaji mitambo ya gharama. Inahitaji rafu isiyogusa ukuta, kitabu kisicholala sakafuni, dirisha lenye pazia, feni inayosukuma hewa, na mtu wa kupita kila wiki na tochi akitazama njia za mchwa. Hata kiyoyozi, ambacho wafadhili wengi hupenda kukitoa, kinaweza kudhuru kikiwashwa asubuhi na kuzimwa jioni, kwa sababu karatasi inavimba na kusinyaa kila siku. Ukitoa kiyoyozi bila kutoa umeme wa kukiendesha usiku na mchana na fundi wa kukihudumia, hujatoa msaada.

Hatua ya kwanza: nenda ukaulize

Usianze na fedha, anza na miguu. Nenda kwenye maktaba iliyo karibu nawe, jitambulishe kwa mkutubi mkuu, umweleze kwamba ungependa kusaidia sehemu ya kumbukumbu za kale. Nenda kwa heshima, bila kamera ya kuanika makosa ya watu. Wakutubi wengi wamefanya kazi miaka mingi kwa bajeti isiyotosha hata kununua gundi, na wanazijua hazina zao kuliko yeyote. Kisha uliza maswali haya matano.

La kwanza: ipo orodha ya vitu vya kale mlivyo navyo? La pili: ni kipi kati ya hivyo kiko katika hali mbaya zaidi? La tatu: mara ya mwisho maji yalipoingia, au mchwa walipoonekana, ilikuwa lini na mlifanya nini? La nne: fedha ikitolewa kwa kazi maalumu, inaingia akaunti gani, na nani anaidhinisha matumizi yake? La tano: mnahitaji nini ambacho hakuna mfadhili anayependa kukitoa?

Swali la tano ndilo lenye thamani kuliko yote. Nililiuliza mahali pamoja, nikatarajia kuambiwa kompyuta. Mkutubi akanijibu: mabati manne, na mtu wa kusafisha mfereji wa paa kabla ya masika. Mabati manne yalikuwa yanasimama kati ya mvua na miaka 70 ya magazeti.

Ukiambiwa hakuna orodha, umepata kazi ya kwanza. Usilipie ukarabati wa kitabu chochote wala upigaji picha wa ukurasa wowote kabla orodha haijaandikwa. Kitu kisicho kwenye orodha kikitoweka, hakuna atakayejua kwamba kimetoweka. Mimi ni shahidi.

Fedha: mahali shilingi inapofanya kazi

Michango yetu mingi hupenda mahali penye utepe wa kukata. Tunajenga chumba, tunaweka jiwe la msingi, tunapiga picha, tunaondoka. Hazina za kale hazitaki hivyo. Sadaka ya maktaba inafanana na sadaka ya kisima. Aliyechimba anasifiwa, lakini mwaka wa kumi watu wanakunywa kwa sababu yupo anayebadilisha kamba.

Kwa hiyo ukiwa na fedha kidogo, zipeleke kwenye kamba. Maboksi yasiyo na asidi ya kuhifadhia magazeti. Karatasi safi za kutenganisha picha. Brashi laini za kufutia vumbi. Kipima joto na unyevu cha kila chumba, pamoja na daftari la kuandika vipimo kila asubuhi. Dawa ya mchwa ya msingi wa jengo, inayopigwa na mtaalamu nje ya chumba cha vitabu, kamwe isipulizwe juu ya karatasi. Posho ya kijana mmoja wa kuandika orodha kwa miezi sita.

Wakiwapo watu 40, kila mmoja akatoa shilingi 10,000 za Tanzania kwa mwezi kwa simu, hizo ni shilingi 400,000 kwa mwezi na 4,800,000 kwa mwaka. Kwa mkutubi, fedha hiyo inayokuja kila mwezi bila kukosa ina manufaa kuliko milioni kumi zinazokuja mara moja na masharti ya kuzimaliza kabla ya Juni. Inampa uwezo wa kupanga.

Ukiwa na fedha nyingi, au ukiwa na kampuni, fikiria mfuko wa kudumu. Mtaji unawekwa mahali salama, hauliwi, na faida yake ya kila mwaka ndiyo inayotumika. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa mbali. Ni wakfu. Kwenye miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, yapo maandishi ya wakfu kwenye vitabu vyenyewe, yakieleza kwamba kitabu kimetolewa kwa ajili ya wanaotafuta elimu. Wazee wale walijua kwamba kitabu bila mwenye kukitunza ni karatasi tu, na wakaandika jukumu hilo pale pale mtu anapofungua. Nasi tuufanye mtaji wa maktaba uwe na masharti ya namna hiyo: hauuzwi, haukopeshwi, haubadilishwi matumizi.

Usisahau fedha ambayo tayari ni yako. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliziweka maktaba chini ya kaunti, na bajeti ya kaunti hujadiliwa na wananchi kabla ya kupitishwa. Watu kumi wakihudhuria kikao hicho na ombi moja lililoandikwa, la paa la maktaba, huenda wakapata zaidi ya watakachochanga mwaka mzima. Tanzania, maktaba za mikoa ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Barua ya wananchi iliyopitia ofisi ya mkoa ina uzito wake. Sadaka isiisamehe serikali wajibu wake. Iwe mbegu, na mbolea itoke kwenye kodi.

Ukitoa nyaraka za familia

Hapa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo niliposhindwa.

Kwanza, usizisafishe kwa namna yako. Usibandike selotepu kwenye ukurasa uliochanika. Gundi yake itageuka kahawia na kula maandishi. Usipeleke picha au hati ya zamani ikafunikwe plastiki ya moto dukani. Haitafunuka tena bila kuharibika. Toa pini na vibanio vya chuma vilivyoota kutu ikiwa vinatoka bila kung'ang'ania. Ukiandika lolote, andika kwa penseli, nyuma, pembeni. Osha mikono, ikauke, kisha shika. Glavu nyeupe za sinema hazihitajiki kwa vitabu, maana vidole vinapoteza hisia na kurasa zinachanika; glavu zinafaa kwa picha na filamu.

Pili, usivuruge mpangilio. Barua zilizofungwa pamoja na uzi zina habari katika kufungwa kwao. Mzee aliyezipanga alikuwa na sababu.

Tatu, kaa na wakubwa wa familia kabla ya kuzitoa, uandike wanachokijua. Picha ya watu watano mbele ya stesheni haina faida kubwa kama hakuna anayeyajua majina yao. Shangazi akiondoka, majina yameondoka naye. Na msome barua kabla hazijatoka mlangoni: je, yamo mambo ya mirathi, ugonjwa au ndoa yanayoweza kumuumiza aliye hai? Mnaweza kukubaliana na maktaba kwamba bahasha fulani isifunguliwe kwa miaka 30.

Nne, andikeni hati ya makabidhiano, nakala mbili, sahihi na mhuri. Iseme vitu vyote kwa idadi. Iseme ni zawadi moja kwa moja, au ni amana inayoweza kurudishwa. Iseme maktaba ikishindwa kuvitunza, vitarudishwa kwa familia au vitapelekwa kwenye taasisi gani. Iseme pia kuhusu haki ya kunakili, kwa sababu kutoa karatasi si kutoa hakimiliki. Kama mzee wako aliandika mashairi, hakimiliki yake katika Kenya na Tanzania hudumu hadi miaka 50 baada ya kifo chake, na maktaba itahitaji ruhusa ya warithi kuyachapisha.

Tano, usishurutishe kupita kiasi. Mtoaji anayetaka chumba chenye jina la ukoo wake, kabati lisilochanganywa na vitu vya wengine, na vitabu visivyoguswa bila idhini yake, ameitwika maktaba mzigo. Na mkutubi akikwambia kwamba vitu fulani anavyo tayari, usikasirike. Kujua kusema hapana ni sehemu ya utunzaji.

Dada yangu alikuja kupata matoleo 14 yaliyobaki ya baba, chini ya kitanda cha mama. Safari ile nilikwenda na orodha iliyochapwa, jina na tarehe ya kila toleo. Tulisaini. Kila toleo likapewa namba. Karatasi ile ninayo, na wanangu wanajua ilipo.

Picha za dijiti ni nakala, asili ibaki

Siku hizi kila mtu anasema tuskani. Ni kweli kwamba gazeti linalovunjika lisomwe kwenye skrini ili asili yake ipumzike. Lakini picha elfu kumi zisizo na majina ni sanduku jingine la bati. Kila faili lipewe namba, tarehe, kichwa na mahali asili inapopatikana. Ziwepo nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili tofauti, na moja ikae mji mwingine. Diski hufa, kwa kawaida ndani ya miaka michache, na hufa bila kuaga. Mfadhili anayelipia kupiga picha alipie pia kuhamisha mafaili kila baada ya miaka mitano.

Tena uliza: asili inabaki wapi? Miswada ya Riyadha niliyoitaja ilipigwa picha kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Masharti ya mpango huo ni kwamba asili haiondoki nchini, na nakala za dijiti hubaki kwa wenyewe pia. Yeyote atakayekuja na kamera nzuri na ahadi tamu, mpimeni kwa kipimo hicho. Vitu vyetu vingi vilikwisha safiri bila tiketi ya kurudi.

Muda wako na ufundi wako

Asiye na fedha asione haya. Maktaba inahitaji seremala wa kuinua rafu ya chini iwe angalau sentimita 10 juu ya sakafu. Inahitaji fundi umeme wa kukagua nyaya, kwa sababu nyaya mbovu ni adui wa maktaba sawa na mchwa. Inahitaji mwalimu mstaafu anayesoma Kiswahili cha hati za Kiarabu, maana vijana wengi hawawezi tena. Inahitaji mwanasheria wa kuandika hati, mhasibu wa kukagua daftari, na mwanafunzi mwenye mwandiko unaosomeka.

Inahitaji pia watu waliokwisha kufanya mazoezi ya siku ya balaa. Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa mlimani uliteketeza chumba cha kusomea cha Maktaba ya Jagger, Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na sehemu kubwa ya vitabu vyake vya Afrika. Milango ya kuzuia moto ilisaidia kuokoa vilivyokuwa ghalani, lakini maji yaliingia huko, na mamia ya watu walijitolea kubeba masanduku kuyatoa nje. Karatasi iliyolowa huanza kuota ukungu ndani ya saa 48 hadi 72. Kwa hiyo orodha ya majina na simu za watu 20 walio tayari kuja usiku, pamoja na ruhusa iliyoandikwa ya kutumia chumba cha baridi cha kiwanda cha samaki kilicho karibu, ni msaada mkubwa ingawa haugharimu kitu. Vitabu vilivyolowa vikigandishwa, ukungu unasimama, nanyi mnapata muda wa kuvikausha kimoja kimoja.

Kamati tunaijua

Kuna atakayesema, nani ataliongoza jambo hili? Jamani, sisi ni watu wa kamati. Harusi moja ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, daftari la ahadi na la waliolipa, vikao vya kila Jumapili, na mtu wa kukumbusha kwa simu. Tunachangisha mamilioni kwa ajili ya usiku mmoja. Utaratibu ule ule, kwa robo ya nguvu ile, ungetunza magazeti ya nchi kwa miaka mia.

Undeni kikundi cha marafiki wa maktaba, watu saba wanatosha kuanza. Kisajiliwe. Akaunti iwe na sahihi tatu, na mmoja wa wenye sahihi asiwe mtumishi wa maktaba. Andikeni makubaliano na maktaba: nani anafanya nini, na nani mwenye neno la mwisho kuhusu vitu vyenyewe. Neno hilo libaki kwa mkutubi, maana nyinyi ni marafiki, si wenye nyumba. Kila mwaka bandikeni ubaoni ukurasa mmoja: kilichoingia, kilichotoka, kilichookolewa. Mchangiaji akisoma kwamba fedha yake imenunua maboksi 30 na magazeti ya mwaka 1961 sasa yamelala ndani yake, mwaka ujao hatahitaji kubembelezwa.

Mfano tunao. Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha Book Bunk mwaka 2017, na mwaka uliofuata wakaingia makubaliano na Kaunti ya Nairobi ya kufufua McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Maktaba zilibaki mali ya umma; wao wakaleta wafadhili, mafundi, na orodha. Zingatieni kwamba walianza na makubaliano yaliyoandikwa.

Kwa walio ughaibuni

Ndugu zetu mlioko Muscat, London, Toronto au Minneapolis, msaada wenu una uzito wa pekee. Msitume makontena ya vitabu vilivyochoka. Tumeni fedha ya kudumu kwa kikundi kilichosajiliwa, au vifaa ambavyo mkutubi mwenyewe ameviagiza kwa maandishi. Huko mliko pia huuzwa mara kwa mara picha, ramani na barua za pwani yetu kwenye minada na maduka ya vitabu vikuukuu. Kabla ya kununua mjue mwenye navyo alivipataje, kisha wekeni masharti vije vikae kwenye maktaba ambayo mtoto wa shule anaweza kuingia bila kulipa.

Kukaa wazi kwa wote ndiko kunakoitofautisha maktaba ya umma na kabati la tajiri. Arturo Schomburg, mzaliwa wa Puerto Rico aliyefanya kazi katika chumba cha barua cha benki mjini New York, alikusanya maelfu ya vitabu na hati za watu weusi. Mwaka 1926 shirika la Carnegie lilivinunua kwa dola 10,000, likavitoa kwa tawi la maktaba ya umma lililoko Harlem. Angeweza kuyauza makusanyo yale yakatawanyika. Leo kituo kilichokua kutokana nayo kina zaidi ya vitu milioni 11, na mlango wake uko wazi kwa mpita njia.

Neno la mwisho

Sikuombi ujenge maktaba. Nakuomba jambo dogo ambalo unaweza kulifanya kabla mwezi huu haujaisha. Nenda kwenye maktaba ya umma ya mji wako, umwombe mkutubi akuonyeshe orodha ya vitu vya kale. Ikiwapo, muulize ni kipi kinachoumwa zaidi, ukitibu hicho. Isipokuwapo, nunua daftari gumu na penseli mbili, ukae naye siku ya Jumamosi, muandike vitu kumi vya kwanza. Jumamosi inayofuata, kumi vingine.

Magazeti ya baba yangu yaliyopotea hayatarudi. Yako bado yapo. Yaandikishe.